Kunguni Wakiisha

Kambi ya Reli, Albertville
Siku ya Mungu, baada ya misa

Mama Feza, mke wangu,

Kabla sijasema neno lolote, pokea mkono wangu. Mguu wa mama mkwe umepona, au bado anashika fimbo akienda kisimani? Na Luvua, mto wenu, imepanda mpaka kwenye mihogo yenu, au mwaka huu imewahurumia? Huku mvua inanyesha kila mchana na ziwa limechafuka, wavuvi wanakaa ufukweni wakishona nyavu na kugombana. Mimi mwili ni mzima. Nakula, ingawa bukari yangu ya unga wa muhogo inatoka na madonge. Mama Chausiku, jirani yetu wa mlango wa kushoto, akipita akiniona nakoroga anacheka peke yake mpaka anafika kwake. Moyo ndio mgonjwa, lakini huo ugonjwa hata wewe unao, sina haja ya kukueleza unavyouma.

Nimekuita Mama Feza. Papa Mwamba, yule mashinisti wa treni atakayebeba barua hii mpaka Nyunzu, alinishauri nikuite kwa jina lako la ubatizo, ili usianze kulia kwenye mstari wa kwanza. Nikakataa. Mtoto hakuondoka na jina lako. Mimi mwenyewe hapa kambini ni Papa Feza kama zamani, na mtu akiniita kwa jina la kitabu cha kazi siitiki.

Naandika polepole, kwa herufi kubwa, kwa sababu nataka usome mwenyewe. Masista wa foyer ya akina mama walikufundisha kusoma, na wewe ulikuwa unalalamika kwamba macho yanauma. Leo yaache yaume kidogo. Usimpe shemeji Ilunga akusomee mbele ya watu. Mambo ya mahali mke na mume wanapolala hayasemwi mbele ya wakwe, na ndiyo maana sikupanda treni kuja kuyasema kwa mdomo. Ningefika kwenu Kiambi, ningeketi mbali na mama yako nikitazama vidole vya miguu yangu, ningekula kuku wenu na kurudi bila kusema kitu. Tena njia yenyewe unaijua, kila penye daraja kuna askari anayetaka kujua kabila lako kabla ya jina lako.

Unakumbuka neno lako la stesheni? Treni ilikuwa karibu kuondoka, furushi lako lilikuwa tayari dirishani, na mimi nikakuuliza utarudi lini. Ukajifunga upya kitambaa cha kichwa, ukasema bila kunitazama:

“Kunguni zikiisha mu ile nyumba, njo nitarudia.”

Wanawake waliokusindikiza wakacheka kidogo, kwa adabu, kama watu wanavyocheka kwenye msiba wakipata sababu. Mimi sikucheka. Nilishika neno lile nikarudi nalo nyumbani. Mimi ni fundi wa kutengeneza garimoshi kwenye atelye, Mama Feza. Mtu akiniambia kitu kimeharibika natafuta ufunguo wa kukifungua, sikumbuki kumuuliza kama ana huzuni. Nilijisemea kwamba kinachonitenga na mke wangu ni wadudu, na wadudu wanakufa.

Nikaanza na watu wa usafi. Walikuja na pampu ya unga mweupe wa dawa, wakanyunyiza chini ya kila kitu, wakaniambia nisifagie wiki nzima. Nikatembea katika unga ule kama mtu wa kinu. Kunguni wakalala siku chache, kisha wakaamka wana njaa zaidi. Nikachemsha maji katika ile sufuria kubwa uliyopewa na shangazi yako, nikamwaga katika nyufa za dari, yakanirudia mabegani. Mama Chausiku akanipaka mafuta ya mawese, akaniuliza kama napigana vita na kunguni au na mwili wangu.

Kisha nikapata akili ya mvuke. Unajua ule mpira wa mvuke tunaooshea vyuma vya garimoshi, ule unaotoa grisi ya miaka mingi kwa mara moja. Siku ya posho, kazi ilipokwisha, nikamwomba ruhusa shefu wetu mpya wa atelye, nikapakia kitanda chetu cha chuma kwenye kigari, nikakisukuma kambi nzima watu wakinitazama. Pale atelye tukakilaza juu ya reli mbili, tukakifungulia mvuke. Mama Feza, walitoka hata ndani ya miguu ya kitanda, mahali ambapo sikujua kuna tundu. Wakaanguka chini wamepikwa. Wenzangu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata vitanda vikawa vingi. Kila mtu aliyekuwa akiniambia kwamba kwake hakuna kunguni alikuja na kitanda chake, tena mapema, ili asimkute jirani. Shefu akatoka bironi, kwenye makaratasi yake, akasimama, akatazama vitanda vilivyopangwa nyuma ya garimoshi. Akasema:

“Hapa njo atelye ya reli, ao mumefungua hoteli?”

 Wiki nyingine akatuma kitanda chake mwenyewe, kimefunikwa turubai ili kisijulikane, na kila mtu akakijua kwa sababu ni yeye tu aliye na kitanda chenye kichwa cha shaba. Siku hiyo nilicheka mpaka machozi. Nikarudi nyumbani haraka nikuhadithie. Nilifungua mlango, nikavua kofia, nikafungua na mdomo. Ndipo nikakumbuka uko Kiambi. Nikaketi juu ya kitanda kile kisafi na sikupika siku ile.

Kitanda cha Feza sikukipeleka atelye. Ulikiacha kimetandikwa, na shuka lake limekunjwa pembe kama alivyolipenda, na mimi sikuona ni kazi yangu kulikunjua. Nilipuliza unga chini yake, nikapita. Basi kunguni wakaendelea kuniuma. Nikajiuliza wanatoka wapi, maana chuma ni kisafi, sakafu ni safi, dari nimeichemsha. Hapo nikafikiri mikeka.

Unajua wakati wa kilio cha Feza nyumba yetu ilijaa mikeka mpaka mlangoni. Wengine walibeba yao walipotoka, lakini walio karibu nasi waliiacha, kama ilivyo desturi yetu hapa kambini, kwamba mkeka wa kilio unabaki kwa mfiwa mpaka siku ya kumaliza matanga, asije akaamka nyumba imekuwa tupu. Wewe uliondoka kabla ya siku hiyo. Mikeka ikabaki imesimama pembeni, miwili ya Mama Chausiku na mingine. Na mimi, kwa uchovu na kuumwa, nikasahau mikeka ile ni nini. Nikaona vitu vilivyosukwa kwa majani, vyenye nyufa nyingi za mdudu kujificha.

Nikaichukua miwili ya Mama Chausiku. Nikaimwagia maji ya moto, nikaipaka petroli ya taa, nikaianika juani, nikaikunja vizuri, nikampelekea mlangoni kwake. Nilidhani nafanya wema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua samaki wadogo wa ndakala. Akanusa petroli, akatazama mikeka, akanitazama mimi. Hakunyoosha mkono.

“Papa Feza,” akasema, “matanga iliisha siku gani? Nani alikutuma unirudishie machozi yangu?”

Ningenyamaza tu. Badala yake nikasema lile neno ambalo hakuna mtu kambini analisema, maana mtu akija kulia na wewe humkagui mkeka. Nikamwambia kunguni wameingia kwangu na mikeka ya watu. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na maji wakasimama. Mama Chausiku akaweka chini ungo wake. Nilingoja anitukane, na ningeyapokea matusi yake, lakini sauti yake ilishuka.

“Kunguni zenu ni za zamani, papa. Feza mwenyewe alinionyesha vile anaziuaka. Enda, inua kile kitambaa cha ukuta, pembeni ya kitanda ya mutoto. Halafu urudie, unieleze ya mikeka yangu.”

Unajua kitambaa ninachosema. Ni kile kipande cha kitenge chako cha zamani, chenye ndege wa njano, ulichokipigilia ukutani ili chokaa isimchafue mtoto akilala. Mimi nilikuwa nakiona kila siku na sikuwahi kukiinua. Nikaingia, nikapiga magoti juu ya kitanda chake kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikakiinua.

Mama Feza, sina haja ya kukueleza kilichopo pale. Wewe umekiona kabla yangu. Lakini niache niseme, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine.

Ni alama za kidole chake. Ukuta mzima wa chini, pale mkono wake ulipofika akiwa amelala, umejaa alama za kidole gumba chake. Nyingine zimevutwa kidogo pembeni, nyingine ni nukta tu, za kahawia, upana wa punje ya harage. Alikuwa anamkamata kunguni, anamponda ukutani, anashusha kitambaa ili mama asimgombeze kwa kuchafua chokaa. Nikakumbuka alikuwa akiniita sisi tukiongea kwenye meza, “Papa, ona, njo huyu mwizi anakulaka damu yangu.” Na mimi nilikuwa namjibu bila kugeuka, mpeleke kwa polisi. Sikujua alikuwa na gereza lake zima pale ukutani.

Kuna moja, karibu na msumari, ambayo imeshika mistari yote ya kidole. Unaihesabu mistari kama kwenye kitabu changu cha kazi, pale nilipobonyeza kidole siku ya kuandikwa. Angeanza shule kwa masista baada ya mvua. Hakuwahi kuandika jina lake. Nilikaa nikiitazama ile moja, na jambo moja likaja kichwani likakataa kutoka. Kunguni hana damu yake mwenyewe. Damu ile ni ya Feza.

Hapo ndipo nikakuona wewe. Nikakumbuka zile jioni baada ya mazishi, nikirudi kutoka kazini nakukuta umeketi ukingoni mwa kitanda chake, uso ukutani, mkono wako umeingia chini ya kitambaa. Nilikuwa nafikiri unatafuta kunguni. Ninaona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofikiri. Nilikuambia, “Acha tu, nitaleta dawa.” Ukautoa mkono, ukanitazama muda mrefu. Ukaniachia kunguni wangu. Na stesheni, nilipokuuliza utarudi lini, ukanijibu kwa kile kitu nilichoweza kuelewa.

Sikulaumu, mke wangu. Hukuweza kulala penye ukuta ule, na hukuweza kumwambia mtu aufute. Hata mimi sasa siwezi.

Nilirudi kwa Mama Chausiku nimeibeba ile mikeka mgongoni. Nikasimama mlangoni kwake. Akaniambia niirudishe mahali ilipokuwa. Kisha akanifuata, akatandika mmoja mwenyewe katikati ya nyumba, akaketi juu yake pamoja na petroli yake, akalia kidogo, akainuka akaenda kumalizia ndakala zake. Mpaka leo mikeka iko kwetu. Anasema itatoka siku wewe utakapokuwepo kuitoa, na nadhani ameshawaambia wengine, maana hakuna aliyekuja kuulizia wake.

Sasa sikiliza habari ya kunguni, kwa sababu neno lako nimelitimiza hata kama halikuwa neno lenyewe. Wote waliobaki walikuwa kwenye mbao za kitanda cha Feza na katika nyufa za ukuta ule. Sikutumia maji ya moto, sikutumia unga. Nilikaa na unyoya wa kuku na kikopo cha petroli, nikachovya, nikapitisha katika kila ufa, nikazunguka kila alama bila kuigusa. Kazi ile ilichukua siku nyingi, kila siku kidogo, kabla jua halijazama. Mmoja alitoka kwenye ufa ulio juu kidogo ya ile alama yenye mistari, mnene, anatembea polepole. Nikainua kidole gumba. Nikakiona kidole changu karibu na chake, kikubwa, cheusi kwa grisi, nikakishusha. Nilimdondosha kwenye kikopo kwa unyoya. Tangu hapo sijaumwa tena. Shuka ni jeupe asubuhi kama lilivyokuwa jioni. Ungekuwa hapa ungekagua, na usingepata hata mmoja wa kunigombezea.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo ndilo linalonifanya niandike leo na si mwezi ujao. Shefu wa kambi ametoa amri kwamba kila nyumba iliyopigwa unga lazima ipakwe chokaa upya, ndani yote, kuta zote, kabla ya kiangazi. Watu wa usafi walikuja kwetu na ndoo zao. Nikawaambia nitapaka mwenyewe. Chumba cha mbele nimepaka. Jikoni nimepaka. Chumba tulicholala sote watatu nimepaka kuta tatu. Mkubwa wao alirudi akauona ule wa nne, akaniuliza kwa nini nimeuacha mchafu. Nikamwambia namngoja mke wangu. Alidhani ni mzaha. Aliponitazama vizuri akavua kofia, akaniambia mvua bado ipo, atapitia nyumba nyingine kwanza.

Mvua ikiisha atarudi, na safari hiyo hataniuliza. Ndiyo sababu nakuuliza wewe. Nipake au niache? Nimejaribu kuamua peke yangu. Kuna siku nasema ukipakwa utaweza kurudi, utalala, hakuna kitu kitakachokutazama. Nachovya brashi, nafika pale, mkono unakataa. Siku nyingine nasema nitauzuia kwa mwili wangu mlangoni, shefu wa kambi aniandikie kosa akitaka. Halafu nafikiri, nikiuacha, nitakuwa nimechagua ukuta badala ya mke wangu. Nimechoka kuchagua, Mama Feza. Yule mtoto alikuwa wetu wawili, na sioni kwa nini nibaki na ukuta wake mimi peke yangu.

Sikuombi usahau. Sikuombi hata upike. Njoo tu. Treni bado inafika Nyunzu mara moja kwa wiki, zikiwepo kuni na ukiwepo usalama, na Papa Mwamba amesema atakuweka nyuma yake, karibu na mashini, mahali askari hawapendi kupanda kwa sababu ya joto. Ukifika Nyunzu mtafute kwa wale wanaouza muhogo karibu na stesheni, wote wanamjua kwa kikohozi chake.

Kaburi nalitembelea kila Siku ya Mungu. Nimelizungushia mawe ya ziwani, yale meupe ya mviringo aliyokuwa akiyajaza mifukoni mwangu. Majani hayajalishinda.

Nisalimie wote huko. Mama mkwe umsalimie kwa mbali, kwa heshima, na umwambie tu kwamba mkwe wake anaendelea na kazi. Papa mkwe umwambie patasi aliyoniomba nimeipata, itakuja na wewe utakapotoka huku kwenda kumwona, si kabla. Shemeji Ilunga, mdogo wako, umwambie asikasirike kwamba safari hii barua haikupita mdomoni mwake. Bibi yako, yule nyanya aliyempa Feza jina, umshike mikono yote miwili, maana kwake sijui niseme nini.

Chokaa imebaki ndooni. Nimeifunika na maji, ikiwa chini ya maji haikauki, inaweza kukungoja. Kitambaa chako nimekirudisha kwenye misumari yake, ndege wa njano wanatazama upande uleule. Jioni nikitoka kazini naketi pale ulipokuwa unaketi, natia mkono chini yake. Naweka wangu pembeni kidogo, nisijaze mahali pote, kwa sababu na wako lazima ufike.

Mimi mume wako,
Papa Feza